Paa la Mwenye Nyumba, Joto la Mpangaji

Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong. Kipimajoto cha kituo hicho ndicho ambacho kwa miaka mingi kimeisemea Nairobi. Kimewekwa inavyotakiwa na kanuni za kimataifa: ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, juu ya nyasi, mbali na kuta na lami. Ukielekea kaskazini kutoka hapo unafika Kawangware kwa miguu. Ukishika njia ya kusini-mashariki unaingia Kibera. Mitaa miwili yenye mabati mengi kuliko miti imekizunguka kipimajoto cha taifa, na hakuna hata mmoja kati yake ambao joto lake linasomwa pale.

Hakuna anayelaumiwa kwa hilo. Kazi ya kituo kama hicho ni kupima hewa ya eneo zima bila kuvurugwa na jengo wala barabara. Kosa linaanza pale redio inapotangaza kwamba leo Nairobi ni nyuzi 28, nasi tukadhani kila mwana-Nairobi anaishi ndani ya nyuzi hizo 28. Katika msimu wa joto wa 2015/16, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wenzao wa Afrika Mashariki walitawanya vipimajoto katika mitaa kadhaa ya mabanda jijini, Kibera ikiwemo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba joto la mitaa hiyo hulipita lile la Dagoretti mara kwa mara kwa nyuzi kadhaa za Selsiasi. Mambo waliyoyahusisha na tofauti hizo ni kiasi cha mwanga ambacho uso wa ardhi na mapaa hurudisha, uhaba wa mimea na mwinuko wa ardhi.

Mtu wa Mombasa atacheka. Kwake Machi ni nyuzi 32 au 33, na unyevu wa bahari juu yake. Wa Garissa au Lodwar hatacheka hata kidogo. Atashangaa tu kwamba Nairobi nayo inalalamika. Jiji limekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na usiku wa Februari mtu bado hujifunika blanketi. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo iliyofanya joto la Nairobi lisiwe na mwenyewe serikalini. Hata hivyo mwili wa binadamu hausikii hali ya hewa ya jiji. Unasikia hali ya chumba. Na chumba cha mabati Kibera au Kawangware kinaweza kuwa na tabianchi yake chenyewe, iliyotengenezwa na fundi, kwa vifaa vilivyochaguliwa na mtu ambaye hatalala humo. Hapo ndipo uchambuzi wa joto la mitaa hii unapopaswa kuanzia: paani, na kwa anayelimiliki paa.

Jua la utosini

Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa digrii moja na kidogo. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kuanzia Januari hadi mvua za masika zinapoanza, mawingu huwa haba, na miale hushuka karibu wima. Kwa sababu jua liko juu, kuta hupigwa asubuhi na jioni tu. Kinachobeba mzigo wa saa tano hadi saa tisa ni paa.

Katika nyumba za mstari, ambazo ndizo nyingi katika ploti za mitaa hii, jambo hilo lina maana kubwa zaidi. Chumba cha kumi kwa kumi, yaani futi kumi kila upande, hushirikiana kuta mbili au tatu na majirani. Ukuta unaoonana na nje ni ule wa mlango. Sehemu pekee ya chumba inayotazama mbingu kwa ukamilifu ni paa lenye takriban mita 9 za mraba. Adhuhuri ya siku isiyo na mawingu, kila mita ya mraba hupokea karibu wati 1,000 za jua, kwa hiyo paa la chumba kimoja hupokea wati zipatazo 9,000. Hata ikikadiriwa kwamba ni robo tu inayopenya hadi ndani, ni sawa na kuwasha koili mbili za kupikia katikati ya chumba kwa saa nne mfululizo, mlango ukiwa wazi au umefungwa.

Bati lenyewe halisaidii. Likiwa jipya hung'aa na kurudisha mwanga mwingi, ndiyo maana huumiza macho ya anayelitazama kutoka mbali. Lakini chuma kitupu kikishapata moto huwa kizito kuuachilia. Likizeeka, likafifia na kushika kutu, hunyonya mwanga zaidi. Unene wake haufiki nusu milimita, kwa hiyo halina uwezo wa kuchelewesha joto hata kwa robo saa. Ukuta wa udongo na fito, ambao bado upo katika sehemu za zamani za Kibera, hunyonya joto la mchana polepole na kulitoa polepole. Bati hupokea na kupitisha papo hapo. Na aliye chini yake hapati joto la hewa peke yake: paa lililopata moto humwaga mnururisho moja kwa moja kichwani na mabegani. Kwa hiyo kipimajoto kilichotundikwa chumbani kinaweza kusoma nyuzi za kawaida huku aliyeketi humo akitokwa na jasho.

Kuna pia suala la hewa. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba upepo wa juu haushuki. Dirisha, likiwepo, ni moja na liko upande wa mlango, hivyo hewa ikiingia haina pa kutokea. Mwanya kati ya ukuta na paa, ambao kwenye nyumba nyingi za kijijini ndio pumzi ya nyumba, hapa huzibwa kwa maboksi na matambara kwa kuhofia wezi, vumbi na kelele. Ongeza jiko linalowashwa mchana na jioni, na watu watano au sita wanaopumua humo, nawe umepata fukuto ambalo kituo chochote cha hali ya hewa hakiwezi kulitabiri.

Bati lilelile, misimu miwili

Sifa moja ya joto la Nairobi hulitofautisha na la pwani na la Ghuba, nayo haizingatiwi vya kutosha. Bati linalochemka mchana huganda usiku. Anga likiwa wazi, joto hupotea haraka kupitia paa hilohilo, na alfajiri ya Februari chumba kinaweza kuwa na baridi ya kumfanya mtoto akohoe. Juni hadi Agosti mawingu hufunika jiji, na paa lisilozuia chochote huacha baridi ishuke hadi kitandani.

Takwimu za vifo zinakubaliana na hilo. Kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, APHRC, chenye makao yake Nairobi, kimefuatilia kwa miaka mingi vizazi na vifo katika mitaa ya Korogocho na Viwandani. Uchambuzi wa takwimu hizo za mwaka 2003 hadi 2008, uliochapishwa mwaka 2012, uligundua kwamba vifo huongezeka siku za baridi na pia siku za joto, na kwamba watoto wadogo wamo kati ya wanaoathirika. Korogocho na Viwandani ziko upande wa mashariki wa jiji, lakini mabati yao ni yale yale ya Kibera na Kawangware.

Funzo la takwimu hizo ni kwamba joto na baridi visishughulikiwe kama maradhi mawili yenye tiba zinazogombana. Mtoto anayeugua kichomi Julai na anayeharisha hadi kukaukiwa maji Februari wanaweza kuwa wamelala chini ya kasoro moja ya ujenzi: nyumba isiyo na kitu chochote kati ya mtu na anga isipokuwa chuma chembamba. Jambo hilo litatusaidia mbele tutakapopima tiba.

Wapangaji wanavyojiokoa

Wakazi wa mitaa hii hawajakaa wakisubiri mtaalamu. Mbinu zao ni nyingi, na kila moja ina akili ndani yake.

Ya kwanza ni dari la kujitengenezea. Watu hutandaza maboksi, magunia au shuka chini ya mabati, na kuzungushia kuta vitambaa. Mgeni anaweza kudhani ni mapambo, na kweli ni mapambo. Lakini nafasi ya hewa inayobaki kati ya kitambaa na bati hupunguza mnururisho. Tatizo lake ni moto. Boksi kavu, waya wa stima uliounganishwa kiholela na jiko la makaa vikikutana katika nyumba zilizobanana, ploti nzima huteketea, na wakazi wa mitaa ya mabanda hawahitaji kukumbushwa hilo.

Ya pili ni kukimbia chumba. Mlango huachwa wazi na kufunikwa pazia ili hewa ipite bila macho ya wapita njia. Viti hutolewa nje na kuhamishwa kadiri kivuli cha ukuta kinavyohama. Mapishi hufanywa barazani. Mbinu hii inafaa kwa mwenye nguvu za kutoka. Mama aliyejifungua juzi, mzee mwenye presha na mgonjwa aliyelala hubaki ndani, nao ndio ambao joto huwaumiza zaidi. Ushauri unaotolewa dunia nzima wakati wa joto kali, kwamba watu wabaki ndani wakati wa adhuhuri, hapa ni ushauri wa hatari. Kivuli cha mti au cha ukuta nje kinaweza kuwa salama kuliko kitanda.

Ya tatu ni maji: kumwagia sakafu, kulowesha shuka, kumuogesha mtoto mara ya pili. Lakini maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na bei hupanda mifereji inapokauka, jambo linalotokea mara nyingi katika miezi hiyohiyo ya kiangazi. Shirika la SHOFCO, lililoanzishwa Kibera mwaka 2004 na Kennedy Odede, limepitisha mabomba juu ya nguzo badala ya kuyalaza kwenye mitaro, ili maji yafike kwenye vioski bila kuibwa wala kuchafuliwa njiani. Hiyo ni hatua kubwa, ila haijaondoa hesabu ya mtungi nyumbani. Na kunywa maji kuna gharama yake ya pili. Vyoo vingi ni vya kulipia, na vya usiku viko mbali na ni vya hatari kwa wanawake. Ndiyo maana wako wanaopunguza kunywa kuanzia alasiri, saa ambayo mwili unadai maji zaidi. Bango la afya linalosema “kunywa maji mengi” linazungumza na mtu mwenye choo chake.

Ya nne ni feni. Feni ndogo hutumia wati 50 hivi, na maadamu hewa haijazidi joto la ngozi, yaani nyuzi 35 hivi, husaidia kukausha jasho. Hata hivyo ploti nyingi hulipia stima kwa kiwango kimoja ndani ya kodi, na waangalizi wa ploti hukataza chochote kinachokula umeme. Kwingine umeme ni wa sambaza, yaani wa kuunganishwa kinyemela, unaokatika bila taarifa na unaoweza kuua.

Ya tano ni kuhamisha saa. Wajenzi huanza kazi mapema, mama mboga hupanga bidhaa chini ya mwavuli na kunyunyizia sukuma wiki maji, na wanaotembea kwa miguu hadi Industrial Area hutoka kabla ya jua. Lakini msukuma mkokoteni hachagui saa ya mteja, na mama fua anayeketi kando ya barabara akisubiri kuitwa Lavington au Kileleshwa hukaa palipo na wateja, pawe na kivuli au pasiwe. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba kufikia 2030 dunia itakuwa inapoteza asilimia 2.2 ya saa zote za kazi kwa sababu ya joto. Kwa mtu wa kibarua, saa iliyopotea haina likizo inayoifidia. Ni unga uliopungua.

Ukizipanga mbinu hizi tano pamoja, unaona zinachofanana. Zinahamisha mwili, saa, maji au kitambaa. Hakuna inayogusa bati. Na kila moja hulipiwa na kitu kingine: usalama, fedha, faragha, kipato. Mpangaji amekwisha kufanya yaliyo ndani ya uwezo wake, na bado saa nane mchana chumba kinachemka.

Kwa nini paa halibadiliki

Mwaka 2004 kaya 1,755 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi zilihojiwa, na uchambuzi wa Sumila Gulyani na Debabrata Talukdar uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba asilimia 92 ya wakazi walikuwa wapangaji wanaolipa kodi. Waandishi hao waliita hali waliyoikuta fumbo: nyumba duni kwa bei ya juu. Watu walikuwa wakilipa vizuri kwa kitu kibovu, na kitu hicho hakikuboreka.

Kibera inaeleza nusu ya fumbo hilo. Ardhi yake ni ya serikali. Wanubi, waliokuwa askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, walianza kukaa humo mwanzoni mwa karne ya 20, na walikaa zaidi ya miaka mia moja bila hati. Mwaka 2017 ndipo jamii yao ilipopewa hatimiliki ya ekari 288. Katika sehemu kubwa iliyobaki, mwenye nyumba ana mabati lakini hana ardhi. Ruhusa ya kujenga ilipatikana kwa watawala wa mtaa, kwa sharti la desturi kwamba jengo liwe la muda. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba jengo lake linaweza kuondolewa wakati wowote. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule za Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ya Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Baada ya tukio kama hilo, ni nani atakayetia dari katika vyumba ishirini? Hesabu ya mwenye nyumba ni kurudisha fedha zake upesi, na bati jembamba hurudisha upesi kuliko chochote.

Mtu anaweza kusema: basi wapeni hatimiliki, na nyumba zitaboreka. Kawangware inaonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Eneo la Dagoretti, ambamo Kawangware imo, lilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu wakati wa ukoloni kabla ya kuingizwa katika mipaka ya jiji, na ardhi yake kwa kiasi kikubwa ni ya watu binafsi. Mwenye ploti wa Kawangware hana hofu ya tingatinga kama mwenzake wa Kibera. Hata hivyo amechagua mojawapo ya njia mbili. Ama ameacha mistari ya mabati kama ilivyokuwa, kwa sababu kila chumba kinachoachwa wazi hupata mpangaji mwingine haraka. Ama amebomoa na kupandisha ghorofa la mawe linalojaza ploti hadi mpakani, ukuta kwa ukuta na la jirani. Vyumba vya kati vya ghorofa hilo haviungui kama mabati, kwa kuwa zege huchelewesha joto. Lakini havipati upepo, na ghorofa ya juu kabisa mara nyingi imeezekwa bati lilelile. Kodi hupanda, na asiyeweza kuilipa huhamia kwenye mabati ya mbali zaidi.

Kinachounganisha mitaa yote miwili ni soko. Wapangaji wanatafuta ukaribu na kazi: Lavington, Kilimani, Industrial Area, Soko la Toi. Chumba kilicho karibu na riziki hukaliwa kiwe na joto au kisiwe nalo. Kwa hiyo dari halimwongezei mwenye nyumba senti, na kutokuwa nalo hakumpunguzii. Mpangaji naye akiwa na akili ya fedha hataliweka, maana siku akihama hatalibeba, na likionekana zuri linaweza kuwa sababu ya kupandishiwa kodi. Mpangaji hununua kinachobebeka: feni, pazia, zulia, godoro. Wahenga walikwisha kusema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wenye ploti wengi hawalali walikojenga. Tatizo hapa, hata hivyo, ni zaidi ya kutojua. Hata anayejua hana sababu ya kufanya lolote.

Yaliyofanyika kwingine

Mei 2010 mji wa Ahmedabad, India, ulipigwa na wimbi la joto lililoacha vifo 1,344 zaidi ya kawaida ya mwezi huo. Mwaka 2013 mji huo ulizindua mpango wa kukabiliana na joto: tahadhari za mapema, mafunzo kwa wahudumu wa afya, vituo vya maji, na baadaye kupaka rangi nyeupe mapaa ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Rangi hiyo imeripotiwa kupunguza joto la ndani kwa nyuzi 2 hadi 5. Freetown, Sierra Leone, ilimteua Eugenia Kargbo mwaka 2021 kuwa ofisa mkuu wa masuala ya joto, wa kwanza barani Afrika, na moja ya kazi za mwanzo ilikuwa kuezeka vivuli juu ya masoko ya wazi yanayotegemewa na wanawake wafanyabiashara.

Nairobi inaweza kujifunza kwa miji yote miwili, lakini haiwezi kuiiga kama ilivyo. Ahmedabad ni mji wa joto usiku na mchana katika msimu wake. Nairobi ni mji wa mchana mkali na usiku wa baridi. Rangi nyeupe hupambana na jua tu. Julai, jua likiwa limefichwa na mawingu, rangi hiyo haidhuru sana, ila haisaidii. Dari lenye nafasi ya hewa juu yake hufanya kazi zote mbili: hupunguza mnururisho wa Februari na kuzuia joto la miili lisipotee alfajiri ya Julai. Kwa hiyo kwa mji huu dari lingetangulia na rangi ikafuata, na dari hilo liwe la kitu kisichoshika moto upesi, kama mbao za jasi, si maboksi. Rangi nayo inapaswa kuwa ya kushika chuma, maana chokaa ya kawaida huondoka na mvua za masika, na vumbi na masizi ya mtaani huitia weusi kabla ya mwaka kuisha.

Freetown inafundisha jambo jingine, la kisiasa. Ilianza sokoni, mahali pa umma, ambapo hakuna mwenye nyumba wa kubishana naye. Kibera na Kawangware zina mapaa ya aina hiyo pia: zahanati, ofisi za machifu, masoko, shule za serikali, kumbi za jamii. Shule nyingi za gharama nafuu za mitaa hii ni za mabati na mbao. Jengo la namna hiyo lilipoporomoka Ng'ando, karibu na Kawangware, Septemba 2019 na kuua watoto 8, mjadala wa nchi ulihusu uimara wa majengo, na ulistahili. Lakini darasa imara la mabati lenye watoto hamsini saa saba mchana bado si mahali pa kujifunzia.

Kivuli nacho kina mipaka

Kwenye ukingo wa Kibera kuna Royal Nairobi Golf Club, iliyoanzishwa mwaka 1906, yenye nyasi na miti mikubwa. Kando ya Kawangware kuna Lavington, ambako nyumba hufichwa na miti. Picha zilizopigwa kutoka angani zimeonyesha mpaka huo kwa ukali: kijani upande mmoja, rangi ya kutu upande mwingine. Miti hupoza hewa kwa kivuli na kwa maji inayoyatoa majanini, na uhaba wake ni sehemu ya maelezo ya nyuzi zile za ziada.

Kupanda miti ni jambo rahisi kutangaza na gumu kutimiza mahali ambapo kila futi ya ardhi inalipiwa kodi. Nafasi iliyopo ni ya shule, hifadhi ya reli na kingo za mito. Shirika la Kounkuey Design Initiative, ambalo limefanya kazi Kibera tangu 2006, limeonyesha kwamba ukingo wa mto uliokuwa jalala unaweza kugeuzwa uwanja wenye vivuli, maji na mahali pa kufulia, wakazi wenyewe wakiusimamia. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru watu waondoke kando ya mito ya Nairobi na nyumba nyingi zikabomolewa, hasa katika mitaa ya Mathare na Mukuru. Ardhi iliyoondolewa watu kwa jina la usalama inapaswa angalau kuwarudishia majirani waliobaki kivuli. La sivyo itakuwa imewanyang'anya mara mbili.

Nani alipe

Mpango wa Kaunti ya Nairobi kuhusu tabianchi, wa 2020 hadi 2050, upo. Lakini mafuriko ndiyo yenye nafasi katika fikra za wanasiasa kwa sababu huacha vifusi na kamera hufika. Joto huua kwa jina la kitu kingine, moyo, kichomi, kuharisha, na cheti cha kifo hakitaji paa. Ndiyo maana kipimo ni cha kwanza: vipimajoto vichache vya bei nafuu katika zahanati na shule za mitaa hii, ndani na nje, ili tahadhari za Januari zitaje joto la chumba. Pamoja na hilo, kuanzia Januari hadi Machi maji ya vioski yawe na bei isiyopanda, na vyoo vya umma viwe vya bure, kwa sababu ushauri wa kunywa maji hauna maana bila hivyo viwili.

Kisha mapaa. Ya umma yatangulie kwa fedha za kaunti. Ya kupangisha yahitaji mapatano: mwenye nyumba apewe dari na rangi kwa ruzuku, naye afungwe na sharti la kutopandisha kodi kwa miaka kadhaa. Ukaguzi wa sharti hilo hautafanywa na ofisa kutoka City Hall. Utafanywa na wapangaji walioungana, na mfano upo: Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanzishwa mwaka 1996, ulishiriki kuhesabu na kupanga Mukuru nyumba kwa nyumba baada ya eneo hilo kutangazwa kuwa la mipango maalumu mwaka 2017. Bila sharti la kodi, ruzuku itamtajirisha mwenye ploti na kumhamisha mpangaji. Bila ruzuku, mwenye ploti wa Kibera, asiye na hati, hatatoa shilingi.

Na kwa nyumba mpya zinazojengwa kwa tozo ya asilimia 1.5 iliyowekwa na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, swali la joto liulizwe kwenye mchoro: je, kila nyumba ina madirisha pande mbili, na ghorofa ya juu ina nini kati ya dari na paa? Kurekebisha mchoro ni kazi ya penseli. Kurekebisha jengo lililokwisha kukaliwa ni kazi ya kizazi.

Kenya imekuwa na joto zaidi kwa takriban nyuzi 1 tangu 1960, na mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote iliyowahi kurekodiwa duniani. Nyongeza hiyo humfikia kila mtu, lakini si kwa kiwango kimoja: juu ya nyasi za Dagoretti ni nyuzi moja, chini ya bati ni nyuzi moja iliyowekwa juu ya nyingine nyingi. Zile nyingine hazikuletwa na moshi wa viwanda vya mbali. Zililetwa na uamuzi wa ujenzi, na uamuzi wa ujenzi unaweza kubadilishwa hapa hapa. Dari hulipiwa mara moja na hudumu miaka. Mtungi wa maji, dawa ya mtoto na kibarua kilichopotea hulipiwa kila kiangazi, na anayelipa ni mmoja. Mpaka mwenye nyumba atakapoingizwa katika hesabu hiyo, kwa ruzuku na kwa sharti, wizara na mashirika yataendelea kumshauri mpangaji afanye kwa mwili wake kazi iliyopaswa kufanywa na dari.